Mama Murwani, Katibu Aliyeipeleka Kamati Mtaroni

Tarehe mosi Machi, Mama Sri Murwani atavua kitambulisho chake cha kazi baada ya kulitumikia Bunge la Wilaya yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Wabunge wamekuja na kwenda, vyama vimepanda na kushuka, jengo limepakwa kila rangi ambayo fundi alibakiwa nayo, na yeye yuko palepale: meza ya karibu na dirisha, miwani imeshuka puani, kalamu sikioni. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, eti, hakuna mtumishi mwingine aliyekaripiwa naye mara nyingi kama mimi. Sina la kubisha.

Alianza kama mpiga chapa, enzi za mashine ambazo ukikosea herufi moja unaanza ukurasa upya. Alikuwa binti mwembamba kutoka kijiji cha milimani, baba yake mwalimu wa shule ya msingi, na siku ya kwanza alikuja na wali wake kwenye jani la mgomba kwa sababu hakuamini kuwa serikali inaweza kupika. Kutoka hapo akapelekwa masjala, kisha kitengo chetu cha kunakili mijadala, na hatimaye akawa katibu wa Kamati ya Sheria na Utulivu. Ni kamati ambayo watumishi wengi huikwepa, maana kazi yake ni kusikiliza malalamiko tangu asubuhi hadi jioni. Yeye aliipenda. Alisema ndiyo kamati pekee ambayo watu huja wakiwa na hasira ya kweli.

Waliofanya kazi naye wanazijua sheria zake. Shahidi aliyeitwa kuhojiwa hupewa chai kwanza, wabunge baadaye. Boksi la vitafunio halifunguliwi wakati mtu anaeleza shida yake. Na kwa kuwa saa zetu sisi watu wa hapa hunyumbulika, kikao cha saa tatu yeye alikiandika saa mbili. Wabunge walipogundua wakawa wanakuja saa nne, naye akaandika saa moja. Mbunge mmoja mgeni, Bwana Darmaji, aliyekuwa amechaguliwa majuzi na hajajua mambo, alifika kweli saa moja kamili, suti mpya, nywele zimepakwa mafuta, akamkuta mlinzi peke yake anamwagilia maua. Leo ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, na mpaka sasa Mama Murwani akimtajia saa ya kikao, humuuliza, "Saa ya kweli au saa yako, Mama?"

Ukali wake nao una namna yake. Akikwambia "we mjinga we", shukuru, mambo yako sawa. Lakini akipanda kwenye Kijava cha kasri, kile cha adabu tupu kilichokuwa kikisemwa mbele ya wafalme, jua umeharibu. Kuna mheshimiwa mmoja alisinzia kikaoni kipaza sauti kikiwa wazi, akakoroma kwa nafasi, ukumbi mzima ukisikiliza. Mama Murwani alimwekea glasi ya chai mezani taratibu, akamwinamia, akasema, "Hoja ya mheshimiwa mpendwa imepokelewa kwa unyenyekevu mkubwa." Mheshimiwa yule hakusinzia tena mpaka muda wake wa ubunge ulipokwisha.

Ningeweza kujaza jarida zima kwa visa vya namna hii. Lakini wasifu huu utakuwa nusu nisiposimulia habari ya faini, mtaro na vizibao, kwani hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote.

Mwaka juzi bunge letu lilipitisha sheria ndogo kwamba mtu mwenye kosa dogo, akishindwa kulipa faini, si lazima alale mahabusu. Hakimu anaweza kumpa kazi ya kutumikia jamii. Mwaka jana kamati ikapewa jukumu la kukagua: nani anapigwa faini, nani anapewa kazi, na je, kuna aliyebadilika? Upande wa faini haukutuchukua muda. Vijana wa pikipiki za makelele walilipa mlangoni mwa mahakama, wakaondoka kwa muungurumo uleule uliowaleta. Wenye karakana zinazotupa uchafu mtoni walilipa kama mtu anayelipia maegesho, kesho yake wakatupa tena. Ile kazi ya kutumikia jamii ndiyo iliyohitaji kwenda kuonwa kwa macho. Mama Murwani akachagua kitongoji cha Kalisewu, ambako mtengeneza tofu ya soya aitwaye Wagiyo alikuwa akitumikia adhabu yake.

Wagiyo alikuwa amemwaga maji machachu ya tofu kwenye mtaro wa kitongoji. Mtaro ukayapeleka moja kwa moja kwenye bwawa la Bibi Ginah, mjane anayefuga perege, na perege wote wakaelea, matumbo juu. Hakimu alimpa mambo matatu achague: faini ambayo hakuwa nayo, miezi mitatu ndani, au kuzibua na kusafisha mtaro wote wa Kalisewu kila Jumapili mpaka uishe. Akachagua mtaro. Nyumbani alikuwa na mke mjamzito na kiwanda cha tofu chenye masufuria mawili, na kama angeingia ndani, vyote viwili vingebaki bila mtu.

Sheria ilitaka mkosaji avae kizibao cha rangi ya machungwa ili ajulikane. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wetu tu. Jumapili ya kwanza Wagiyo alishuka mtaroni peke yake na jembe lake. Jirani mmoja akapita kwa pikipiki, akaona haya kupita hivihivi. Akaegesha, akashika beleshi. Huku kwetu mtu akionekana anasafisha mtaro na wewe umekaa barazani unakunywa kahawa, kahawa haishuki. Muda si muda ikawa msaragambo, mtaa mzima umetoka. Jumapili iliyofuata kina mama wakaleta ndizi za kukaanga. Iliyofuata tena, mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Tukijo, akaona ni ukatili mtu mmoja kuvaa kizibao cha aibu mbele ya majirani zake. Akaenda kuazima vizibao kwa vijana wanaosimamia maegesho sokoni, maana navyo ni vya rangi hiyohiyo, wakavaa wote.

Kwa hiyo kamati ilipofika ilikuta kundi zima la watu wa rangi ya machungwa, redio inaimba, na bakuli za karanga za kuchemsha zimepangwa juu ya ukuta. Bwana Darmaji, aliyekuwa amevaa batiki yake ya hariri, akamwendea mtu wa karibu.

"Wewe ndiye mkosaji?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji."

"Na huyu?"

"Huyo mwalimu wetu wa madrasa."

"Sasa mkosaji mwenyewe yuko wapi?"

Bwana Tukijo akatazama huku na huku, akakuna kichwa. "Alikuwepo sasa hivi. Nadhani wamemtuma barafu."

Mama mmoja aliyekuwa ameinama mtaroni, tope mpaka magotini, akainua uso na kumwona mwanamume mzima amesimama, mikono nyuma. Hakujua ni nani. "We baba, umekuja kutazama au kufanya? Shika karai hilo!" Na Bwana Darmaji, ambaye mama yake alimlea vizuri, akashika karai. Wabunge wengine wangefanya nini? Nao wakashuka. Mtu mmoja mwenye huruma akamvisha Bwana Darmaji kizibao ili batiki isichafuke. Nilimwona kwa macho yangu akibeba tope, akitania watu na kucheka, akala ndizi na kuomba nyingine.

Picha ikapigwa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imezunguka kwenye simu za wilaya nzima, na chini yake mtu ameandika, "Mheshimiwa naye kapatikana na hatia. Kosa gani jamani?" Mkewe aliletewa picha hiyo na shangazi yake anayeishi kisiwa kingine.

Jumatatu Bwana Darmaji aliingia ofisini bila kusalimu. "Mama, andika," akasema. "Mpango umeshindwa. Ile si adhabu, ile ni harusi. Ufutwe. Waliobakiza muda warudishwe kwenye faini, asiyeweza kulipa aingie ndani."

"Hata Wagiyo?"

"Hata Wagiyo."

Katibu hapigi kura. Huandika alichoambiwa na mwenyekiti, basi. Sisi wenzake tulimshauri anyamaze, kwa kuwa alikuwa amebakiza miezi michache tu na hakuna anayetaka kustaafu katikati ya ugomvi. Naye kweli aliandika, neno kwa neno. Ila nilipompelekea nakala za mijadala alikuwa amekaa tu, kalamu mkononi.

"Unajua nini," akaniambia, "hata mimi sikuipenda ile sherehe. Wewe ulimwona Bibi Ginah pale mtaroni?"

Nikasema sikumwona.

"Hukumwona kwa sababu hakuwepo. Mtaa mzima ulikuwepo, hata sisi tulikuwepo, mwenye samaki hayupo. Hilo ndilo linaloniuma."

Akampelekea mwenyekiti rasimu pamoja na ombi moja: kabla ya kwenda bungeni, isomwe Kalisewu, mbele ya watu waliotupokea, na asomaye awe mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekula kwao. Bwana Darmaji akalisoma ombi mara mbili. Angewezaje kukataa? Mtu hawezi kula ndizi za watu, akaomba na nyongeza, halafu akawahukumu kwa mbali. Akakubali, ingawa uso wake haukukubali.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumleta Bibi Ginah. Mama Murwani alimfuata kwa pikipiki yake mwenyewe, akafukuzwa. Akarudi, akafukuzwa tena. "Nije kufanya nini?" bibi alisema. "Si wanasherehekea wenyewe? Waendelee." Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba akae karibu na mlango, ili akichoka na maneno yetu aondoke.

Tulikaa kwenye mikeka katika ukumbi wa kitongoji. Glasi ya kwanza ya chai alipewa Bibi Ginah, na nilimwona akishangaa kidogo. Bwana Darmaji akaanza kusoma. Kurasa za kwanza zilikwenda vizuri. Alipofika kwenye mapendekezo sauti ikaanza kupungua, kwa sababu Wagiyo alikuwa mkeka wa nyuma na mkewe, tumbo kubwa, amemshika shati kana kwamba askari tayari wako nje. Hata hivyo alisoma mpaka mwisho.

Mama Murwani akageukia mlangoni. "Bibi, aliyepata hasara ni wewe. Unasemaje?"

"Mimi? Leo ndiyo mnaniuliza mimi?" Bibi Ginah akaweka glasi chini. "Haya. Huyu akilipa faini, pesa inakwenda kwenu huko, hainiletei hata kifaranga kimoja cha samaki. Akifungwa, mkewe atakuja kuniomba chumvi, na nitampa, kwa sababu nitafanyaje? Sasa mnieleze, faida yangu iko wapi?"

Watu wakacheka.

"Msicheke! Nyie ndio mlionikosea zaidi. Mtaro ule alipewa Wagiyo, asafishe yeye. Nyie mkaugeuza karamu. Mmefungulia redio, mnakula, mnavaa nguo za sare, na mimi niko ndani natazama bwawa tupu. Hata ndizi moja hamkuniletea. Hata moja."

Bwana Tukijo aliinamisha kichwa, na kina mama wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Nadhani hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Walikuwa wamemwonea haya mtu mmoja mpaka wakamsahau mwingine.

Wagiyo akasimama. "Bibi, tangu siku ile nataka kuja kwako. Lakini kila nikitoka nina watu nyuma yangu, wana majembe, wana vyakula. Nikaona haya kuja kukuomba msamaha na msafara, kama ninakuja kuposa."

"Leo huna msafara," alisema bibi.

"Basi nisamehe, Bibi. Niruhusu nianze upya. Mtaro wote, peke yangu."

"Utaanzia kwenye bwawa langu. Na mimi nitaweka kigoda, nikutazame."

"Hata ukinitukana, Bibi."

"Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Safari hii hata bibi mwenyewe alicheka kidogo. Bwana Darmaji alikuwa bado ameshika karatasi zake. Aliutazama ukurasa wa mwisho, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni mwa batiki. "Mama Murwani," akasema, "ukurasa huu umekosewa. Naomba tuuandike upya hapahapa, kabla chai haijapoa."

Uliandikwa palepale mkekani. Kazi ya kutumikia jamii ibaki. Kizibao kifutwe. Faini za wenye uwezo ziende sambamba na kazi, ili mtu asinunue kosa lake na kuondoka. Mtu aliyekosewa aulizwe kwanza, na kazi ianzie kwake. Na mwisho kabisa, kwa maneno ya Bwana Darmaji mwenyewe, aliyekataa yabadilishwe: "Jirani anaruhusiwa kuleta chakula, haruhusiwi kuleta jembe." Bunge zima liliyapitisha kwa makofi, na nasikia wilaya mbili jirani zimeomba nakala.

Wagiyo alianza Jumapili iliyofuata. Bibi Ginah aliweka kigoda chini ya mwavuli, akamtukana kama alivyoahidi: kwanza jinsi anavyoshika jembe, halafu tofu yake, halafu ukoo wake wote. Kina mama walipeleka ndizi, safari hii sahani ya kwanza ikienda kwenye kigoda. Nilipopita wiki kadhaa baadaye matusi yalikuwa yamepungua, na bibi alikuwa akimwelekeza mahali maji yanapokwama, kwa kuwa ameishi na mtaro ule maisha yake yote. Mke wa Wagiyo alijifungua mtoto wa kike msimu wa mvua, baba yake akiwa nyumbani. Mtaro haukufurika.

Mama Murwani hapendi niseme kwamba ni yeye aliyefanya yote hayo. Anasema aliyefanya ni Bibi Ginah, yeye aliendesha pikipiki tu. Aandike wasifu wake mwenyewe basi. Mimi nasema kwamba katika jengo hili tumezoea kukagua faini, takwimu na adhabu kana kwamba ni mambo yanayotokea kati ya serikali na mkosaji. Yeye ndiye aliyetufundisha kutazama ni nani hajaja. Tangu siku ile Bwana Darmaji hafungui kikao bila kuuliza kwa sauti, "Aliyekosewa ameitwa?" Kama hajaitwa, tunasubiri. Na tunasubiri kwa saa ya kweli.

Tutamkosa. Nitawakosa hata wale "we mjinga we" wangu wa kila asubuhi, na sioni aibu kusema hivyo. Mumewe ametuambia kuwa ameshatengeneza banda la maua ya orkidi nyuma ya nyumba, na kwamba anaogopa kidogo, kwa sababu sasa sheria zote zile zitahamia nyumbani.

Jana asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti vya hafla, pikipiki moja iliingia getini polepole sana. Aliyeendesha ni Wagiyo, tofu imefungwa kwenye kikapu mbele. Nyuma yake alikuwa Bibi Ginah, amekaa upande, ndoo ya perege hai mapajani, mkono mmoja umeshika ndoo na mwingine umemshika Wagiyo kiunoni. "Taratibu wewe!" alikuwa akipiga kelele. "Unataka kuniua na mimi kama samaki wangu?" Na Wagiyo alikuwa anacheka mpaka pikipiki inayumba.

Mama Murwani aliwaona kutoka dirishani. Alishuka bila miwani, akasimama kwenye ngazi, na mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona akitoa chozi, akalia mbele yetu sote.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, usingizi usio na kikao, na miaka mingi ya kula samaki wa Bibi Ginah.